Kubadilisha Sensa ya Krenki Si Kuipima Injini

Katika gereji nyingi za mashariki mwa Toronto, kama ilivyo Gerezani jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, umeenea msimamo uliozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuutetea: gari likizimika ghafla barabarani, au likikataa kuwaka ilhali stata inaizungusha injini kama kawaida, na mashine ya kusomea kodi za hitilafu ikaonyesha P0335, basi sensa ya krenki imekufa, na tiba yake ni kununua nyingine na kuifunga. Msimamo huo una sura ya utaalamu kwa sababu unaanza na kompyuta na kuishia na kifaa kipya chenye risiti, ingawa katikati yake hakuna hatua hata moja ya upimaji. Hoja ya makala haya ni kwamba msimamo huo umekosea katika msingi wake, hata pale ambapo gari linaondoka gereji likiwa limepona, na kwamba mahali kama Crescent Town, mtaa wa majengo marefu ulio kando ya Barabara ya Victoria Park, kosa lake hugharimu zaidi na hujificha zaidi kuliko kwingine.

Ili ubishi usiwe wa maneno matupu, inafaa kwanza ieleweke kifaa chenyewe kinafanya kazi gani. Krenki, ambayo vitabu vya ufundi huiita fitokombo, ni mhimili mzito ulio chini ya injini unaopokea misukumo ya pistoni zinazopanda na kushuka na kuigeuza kuwa mzunguko. Kompyuta ya injini haiwezi kuamua plagi itoe cheche lini wala injekta inyunyize petroli lini bila kujua mhimili huo umefika wapi katika mzunguko wake na unakwenda kwa kasi gani. Kwa sababu hiyo hufungwa kwenye krenki, au kwenye flaiwili, au kwenye puli ya mbele, bamba la chuma lenye meno, na mbele ya meno hayo huwekwa sensa, kwa umbali ambao katika injini nyingi ni kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Mpangilio uliosambazwa sana na kampuni ya Bosch ya Ujerumani una nafasi 60 za meno, mawili yakiwa yameondolewa makusudi ili pengo hilo liwe alama ya kuanzia kuhesabu. Toyota katika injini zake nyingi hutumia nafasi 36 na kuondoa mawili. Stata inapoizungusha injini kwa mizunguko 200 kwa dakika, bamba la nafasi 60 hupitisha mbele ya sensa takriban meno 193 kila sekunde, na kompyuta inatakiwa iyahesabu yote, ilitambue pengo na itoe amri ya cheche kabla dereva hajafikiria kurudisha ufunguo.

Sensa zenyewe ni za aina kuu mbili, na kutozitofautisha ni chanzo cha makosa mengi. Ya kwanza ni ya sumaku na koili: ina nyaya mbili, haipewi umeme kutoka nje, na kila jino linapopita huzalisha volteji ndogo inayopanda na kushuka, ambayo ukubwa wake hutegemea kasi ya mzunguko na ukaribu wa jino. Ya pili ni ya Hall, iliyopewa jina la Mmarekani Edwin Hall aliyegundua kanuni yake mwaka 1879: ina nyaya tatu, mmoja wa kuipa umeme, mmoja wa ethi na mmoja wa ishara, nayo hutoa ishara ya kuwaka na kuzima yenye kimo kilekile, injini ikienda polepole au kwa kasi. Anayeipima ya pili kwa njia ya kwanza, kwa mfano kwa kutafuta ukinzani wa koili ambayo haimo ndani yake, hupata namba isiyo na maana na kuifanya ushahidi.

Kodi P0335 nayo inatoka katika orodha ya pamoja ya mfumo wa kujichunguza kwa magari, OBD-II, uliolazimishwa kwa magari madogo nchini Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996 na nchini Kanada kuanzia yale ya mwaka 1998. Katika orodha hiyo kodi inataja saketi ya sensa, yaani njia nzima ya umeme kutoka kwenye ncha ya sensa, kupitia soketi, nyaya na ethi, hadi ndani ya kompyuta. Haiitaji sensa peke yake kama mhusika. Tena kompyuta haina namna ya kuiona sensa. Katika magari mengi huiandika kodi hiyo baada ya kupata dalili nyingine kwamba injini inazunguka, kama vile ishara ya kamshafti, ambao ni mhimili unaofungua valvu, huku ishara ya krenki ikiwa haifiki. Waya uliosuguliwa na bomba la moshi mpaka ukachunika, pini iliyoota kutu ya kijani, ethi iliyolegea, jino lililovunjika, ncha iliyofunikwa na unga wa chuma, na hata kompyuta mbovu, vyote huandika maneno yaleyale kwenye kioo cha mashine. Wapo pia wanaokutwa na kinyume chake: sensa imekufa kabisa na hakuna kodi yoyote, kwa sababu kompyuta ya gari hilo, isipopata ishara ya krenki, hudhani injini imesimama na haioni cha kulalamikia. Anayeiabudu kodi hupotezwa nayo inapokuwepo na hupotezwa nayo inapokosekana.

Hadi hapa mtetezi wa msimamo unaopingwa atajibu kwamba nadharia ni nzuri lakini magari yanapona. Hilo ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote, na ndilo linalostahili kuchambuliwa kwa kituo, kwa kuwa ndani yake mna kosa la hoja ambalo limedumu kwa miaka mingi bila kushtukiwa. Fundi anapobadilisha sensa, habadilishi sensa peke yake. Anachomoa soketi na kuichomeka tena, na kwa tendo hilo hukwangua kutu iliyokuwa kwenye pini na kurudisha mguso uliopotea. Anausogeza waya uliokuwa umekatika ndani ya ganda lake, na ncha mbili za shaba zikagusana kwa wiki mbili tatu. Anafuta matope na kutu pale sensa inapokaa, na umbali kati ya ncha na meno ukarudi katika kipimo. Anaondoa unga wa chuma ulioganda kwenye sumaku ya sensa ya zamani. Mara nyingi ametoa pia terminali ya betri, akaifunga vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa. Kisha anawasha gari, linawaka, na sifa yote anapewa kifaa kipya.

Kwa maneno mengine, mambo matano yamebadilishwa kwa mkupuo mmoja na matokeo yamehesabiwa kuwa ya jambo moja. Uzoefu wa miaka 20 uliojengwa juu ya ponyaponya za namna hiyo ni uzoefu wa kubadilisha sensa, wala haujawahi kuwa uzoefu wa kujua sensa ngapi kati ya zilizotupwa zilikuwa mbovu kweli. Lipo jaribio jepesi ambalo lingekata mzizi wa ubishi: baada ya gari kuwaka, sensa ya zamani isafishwe, irudishwe mahali pake, na gari liendeshwe tena mpaka lipate moto. Likizimika, sensa ina hatia. Lisipozimika, kuna kitu kingine kilichoponywa bila kukusudiwa. Jaribio hilo halifanywi, na sababu haihitaji kutafutwa mbali, kwani hakuna fundi anayependa kufungua mara ya pili kitu ambacho mteja ameshakilipia.

Utetezi wa mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao huazima sensa kutoka gari jingine linalotembea na kuijaribu kabla ya kununua, una uzito kidogo zaidi, kwa sababu angalau wanajua kwamba kifaa cha kujaribia ni kizima, jambo ambalo mnunuzi wa spea mpya ya bei rahisi hana hakika nalo. Hata hivyo wanafungua soketi ileile na kuusogeza waya uleule. Ubadilishanaji wa spea huwa kipimo pale tu mguso na waya vinapokuwa vimekwisha kukaguliwa kabla yake.

Sasa izingatiwe Crescent Town yenyewe. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya ardhi iliyokuwa ya shamba la Dentonia, mali ya ukoo wa Massey, watengenezaji wa zana za kilimo ambao jina lao Waafrika Mashariki wanalifahamu kutokana na matrekta ya Massey Ferguson. Ni jambo la kando, lakini halikosi funzo: trekta la zamani la aina hiyo lilikuwa na pampu ya dizeli inayoendeshwa moja kwa moja na gia za injini, bila sensa yoyote, na fundi aliyetaka kujua kwa nini haliwaki hakuwa na njia ila kuufuata mwendo kutoka gia hadi gia, na mafuta kutoka tangi hadi silinda. Sensa ilipokuja iliurithi wajibu wa gia zile, lakini tabia ya kufuata njia hatua kwa hatua haikurithiwa.

Magari mengi ya mtaa huo hulala katika maegesho yaliyo chini ya majengo. Majira ya baridi barabara za Toronto humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na gari linalotoka Barabara ya Danforth jioni huingia chini likiwa limebeba tope la theluji na chumvi katika kila upenyo wa tumbo lake. Kule chini joto huwa juu ya sifuri. Tope linayeyuka, maji ya chumvi yanatambaa hadi kwenye soketi na viungo vya ethi, na kutu, ambayo nje penye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ingekwenda kwa mwendo wa kobe, hupata unyevu, chumvi na joto inavyovihitaji. Asubuhi gari linatoka, unyevu unaganda au unakauka, na mguso unabadilika tena. Hitilafu inayozaliwa katika mazingira hayo ni ya kuja na kuondoka: gari hugoma Jumatatu, huvutwa, hulala kwenye gereji yenye joto, na Jumanne huwaka kabla mtu hajaligusa. Tiba yoyote itakayotolewa Jumanne hiyo, iwe sensa, iwe koili, iwe dua, itaonekana imefanya kazi. Hapo ndipo msimamo wa kubadilisha kwanza unapokuwa dhaifu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ushahidi wake pekee, yaani kupona kwa gari, ungepatikana hata bila tiba.

Baridi yenyewe ina ushahidi wake wa uongo. Koili ya sensa ya sumaku ni waya wa shaba, na ukinzani wa shaba, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili yenye omu 1,000 katika nyuzi 20 itasoma karibu omu 840 katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na karibu omu 1,310 katika nyuzi 100. Fundi anayeipima sensa iliyolala nje usiku wa Januari, kisha akailinganisha na jedwali la kiwanda lililoandikwa kwa nyuzi 20, anaweza kuikataa sensa nzima kwa sababu namba imeshuka chini ya kiwango. Na anayeipima ikiwa baridi na kuikuta sawa anaweza kuipitisha sensa ambayo koili yake huachana inapopata moto wa injini. Kipimo ni kilekile, mafundi ni wawili, na wote wamekosea kwa sababu hawakuandika joto pembeni ya kipimo.

Kuna pia suala la betri, ambalo kwa wingi wake lingestahili makala yake. Katika baridi kali betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake wakati uleule ambapo mafuta ya injini yamekuwa mazito na stata inahitaji nguvu zaidi. Kwa kuwa volteji ya sensa ya sumaku hufuata kasi ya mzunguko, stata inayozungusha kwa mizunguko 100 badala ya 200 huipunguza ishara kwa karibu nusu, nayo inaweza kushuka chini ya kiwango ambacho kompyuta huitambua. Kodi itaandikwa, sensa italaumiwa, na betri iliyochoka itaachwa mahali pake mpaka asubuhi nyingine yenye baridi.

Wanaotetea desturi hiyo husema vilevile kwamba sensa ni rahisi na upimaji ni ghali. Hesabu hiyo hufanywa kwa kuangalia bei ya kifaa peke yake. Katika baadhi ya injini sensa iko wazi mbele, karibu na puli, na kuitoa ni kazi ya boliti moja. Katika nyingine iko nyuma ya stata au juu ya gia boksi, na saa za kazi huipita mbali bei ya kifaa. Boliti iliyokaa misimu kadhaa ndani ya chumvi hukatika, na plastiki ya sensa huvunjika na kubaki ndani ya tundu lake. Kisha kuna gharama ambayo hailipwi gereji: gari likirudia kuzimika katika barabara kuu ya Don Valley Parkway, dereva hubaki na usukani uliokuwa mzito ghafla na breki yenye msaada wa kukanyaga mara chache tu, na likigoma chini ya jengo, dari fupi za maegesho haziruhusu kila gari la kuvuta kuingia. Kubahatisha ni rahisi pale tu bahati inapokubali mara ya kwanza.

Upimaji nao haustahili jina la ughali uliopewa. Hatua ya kwanza haihitaji hata kufungua boneti, nayo ni ile ambayo fundi wa kodi huiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Kompyuta inapoandika kodi huhifadhi pamoja nayo, katika magari mengi, picha ya hali ya injini wakati huo: joto la maji, kasi ya gari, mizunguko ya injini, mzigo. Picha hiyo ikionyesha kwamba hitilafu ilitokea maji yakiwa na nyuzi 95 na gari likienda kilomita 60 kwa saa, uchunguzi unaelekea kwenye joto na mtikisiko. Ikionyesha nyuzi 12 chini ya sifuri na injini ikizungushwa na stata, unaelekea kwenye betri na umbali wa meno. Anayefuta kodi kwanza ili aone kama itarudi amefuta na picha hiyo, na haitarudi mpaka gari lizimike tena mahali pengine.

Hatua ya pili ni kuiacha mashine ikiwa imechomekwa na kuangalia mizunguko ya injini inayosomwa na kompyuta wakati stata inafanya kazi. Ikisoma 180 au 200 bila kuyumba, ishara inafika, na tatizo la kutowaka litafutwe kwenye mafuta, cheche au mgandamizo. Ikisoma sifuri, bado sensa haijahukumiwa. Kilichojulikana ni kwamba kazi sasa iko kwenye njia ya ishara. Dereva naye ana kipimo chake, kwa magari yenye mshale wa mizunguko: mshale ukianguka ghafla hadi sifuri huku injini ikiwa bado inasukumwa na mwendo wa gari, ishara ya krenki imekatika, ukishuka taratibu pamoja na injini inayokufa, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa mafuta kukosekana. Dalili hii haitoshi peke yake, hasa kwenye gia za otomatiki ambazo huiacha injini isimame mara moja, lakini ni bure.

Baada ya hapo ndipo multimita inapotoka kwenye mkoba. Kwa sensa ya nyaya tatu, nyaya huchunguzwa soketi ikiwa imechomekwa, kwa sindano nyembamba inayoingia kutoka nyuma: umeme wa kuingia uwe ule unaotakiwa na gari hilo, ambao mara nyingi ni volti 5 au 12, ethi isionyeshe zaidi ya takriban volti 0.1 ikilinganishwa na terminali hasi ya betri. Na ishara iruke kati ya juu na chini krenki inapozungushwa polepole kwa spana. Ethi yenye volti 0.6 ni kesi iliyokwisha, na sensa mpya haitaiponya. Kwa sensa ya nyaya mbili, multimita huwekwa kwenye volteji geu na injini kuzungushwa kwa stata, kisha nyaya hutikiswa kwa mkono kutoka soketi hadi karibu na kompyuta huku jicho likiwa kwenye namba. Pale namba inapodondoka, ndipo waya ulipokatika. Penye osiloskopu, chombo kinachochora umbo la volteji kadiri muda unavyokwenda, mchoro huonyesha kila jino na pengo lake: jino moja fupi kuliko wenzake ni bamba lililopinda au kuvunjika, na mchoro unaonenepa na kusinyaa katika kila mzunguko ni bamba lisilokaa sawa. Hakuna kodi inayoweza kusema hayo.

Makosa hayo ya chuma ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Katika baadhi ya injini meno yamo kwenye puli ya mbele, ambayo ina mpira kati ya kitovu na duara lake la nje. Mpira ukichakaa, duara huteleza, na sensa, ikisoma kwa uaminifu kamili, huripoti nafasi ya uongo. Cheni ya taimingi iliyolegea huleta P0016, kodi inayosema kwamba krenki na kamshafti hazikubaliani, na mara nyingi mwenye gari huuziwa sensa zote mbili ilhali zote mbili zilikuwa zikisema kweli kuhusu cheni mbovu. Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa ndugu wa karibu wa kifaa hiki, sensa ya mwendo wa gurudumu. Mwaka 2005 General Motors iliyaita magari yake makubwa ya miaka ya 1999 hadi 2002 katika majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani, kwa sababu kutu ilikuwa inaota chini ya sensa na kuiinua kutoka mahali pake, umbali ukaongezeka, ishara ikadhoofika, na breki za kuzuia kuteleza zikafanya kazi pasipotakiwa. Chanzo kilikuwa kutu iliyokalia kiti cha sensa, na kanuni ya umbali na sumaku ni hiyohiyo inayotawala sensa ya krenki.

Itakuwa si haki kukana kwamba sensa za krenki hufa. Hufa, na baadhi ya magari yanajulikana kwa hilo. Katika miaka ya 2000 Nissan ililazimika kuyaita magari ya Altima na Sentra yenye injini ya lita 2.5 kwa sababu ya sensa hiyohiyo. Fundi anayeliona gari la aina inayojulikana, lenye dalili inayojulikana, ana sababu ya kuanza na dhana hiyo. Lakini dhana ni mahali pa kuanzia kupima, na inapokuwa na nguvu upimaji wake huwa mfupi zaidi, hivyo kisingizio cha kuuruka hupungua badala ya kuongezeka. Sensa inayokufa ikipata moto hupatikana kwa kuipasha kwa mashine ya kukaushia nywele huku ikipimwa, kisha kuipoza na kuona kama ishara inarudi. Kazi hiyo hufanywa kabla sensa mpya haijaagizwa.

Kifaa kipya nacho si mwisho wa mashaka. Nakala za bei ya chini huja na sumaku dhaifu, au ncha fupi kwa nusu milimita, au nyaya mbili zilizopishana, na sensa ya sumaku iliyopishana nyaya huipa kompyuta umbo lililogeuzwa juu chini, ambalo hulisogeza pengo na kuivuruga taimingi ya cheche. Katika magari kadhaa kompyuta hutakiwa pia ifundishwe upya tofauti ndogondogo za meno ya bamba baada ya sensa kubadilishwa, la sivyo huandika P0315 au hushindwa kutambua silinda isiyochoma vizuri. Hapo gari lililoingia na kodi moja hutoka na nyingine, na mteja huambiwa kwamba magari ya siku hizi yana matatizo mengi.

Mkazi wa Crescent Town asiyejua kushika multimita hayuko mikono mitupu. Sheria ya Ontario ya mwaka 2002 ya ulinzi wa mlaji inamtaka mtengeneza magari atoe makadirio ya maandishi kabla ya kazi, isipokuwa mteja mwenyewe ameyakataa na kukubali kiwango cha juu cha malipo. Inakataza bili ipite makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Inaweka dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia, kwa spea mpya na kazi ya kuzifunga. Na inampa mteja haki ya kurudishiwa spea zilizotolewa. Katika makadirio hayo mteja anaweza kutaka iandikwe ni kipimo gani kilichofanywa na kimesoma nini: mizunguko wakati wa stata, volti za ethi, omu za koili pamoja na joto lake. Na sensa ya zamani ikirudishwa, ikiwa ni ya nyaya mbili, isitupwe. Ipimwe omu ikiwa baridi, itumbukizwe ncha yake katika kikombe cha maji yaliyochemka, ipimwe tena baada ya dakika 10, kisha chuma kipitishwe haraka mbele ya sumaku yake huku multimita ikiwa kwenye volteji geu. Ikiwa ukinzani umepanda kwa kiasi kile ambacho shaba hupanda, na mshindo wa volteji umeonekana kila chuma kinapopita, basi hakuna kilichothibitisha kwamba kifaa hicho ndicho kilichokuwa kibovu, na gari bado lina hitilafu ambayo haijatafutwa, wakati siku 90 zimeshaanza kuhesabiwa.